Bastola Zenye Kwao

Mwezi uliopita niligombana na kijana wa watu dukani, na kosa lilikuwa langu. Nilipanda ghorofa moja pale Kariakoo kutafuta mapazia, nikapitia duka la mapambo ya nyumba. Ukutani, katikati ya saa ya plastiki na picha ya farasi, nikaona bastola ya gumegume, zile za zamani za kugongesha jiwe kwenye chuma mpaka cheche iwashe baruti. Nikaomba kuishika. "Orijino hiyo, mama," akaniambia kijana, "ya enzi za Waarabu kabisa." Nikaigeuza, nikagusa kwa ncha ya kidole cha mwisho lile tundu dogo la ubavuni linalopitisha moto kwenda ndani ya mtutu. Lilikuwa duara safi, limetobolewa na mashine. Nikanusa kitako, kikanukia chai ya rangi waliyokizeeshea. Ndipo mdomo wangu ukauliza wenyewe, "Ina kwao?"

Kijana akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Kwao wapi tena, mama? Si bastola tu hiyo." Nikamwambia basi auze mapambo, asiwauzie watu historia. Akanuna, na haki yake. Mtu hajafungua mauzo, anatokea mama mzima kuja kunusa bidhaa. Nikamwomba radhi, nikanunua ile saa ya plastiki ambayo sikuihitaji, nikashuka ngazi nikicheka peke yangu. Nilipofika barabarani kicheko kilikuwa kimeshageuka, ikabidi nisimame kando ya muuza maji nijifute uso. Swali lile si langu. Ni la Shangazi Mwajabu, na sikuwahi kulitamka tangu tulipomzika.

Shangazi alikuwa dada yake baba, nami nililelewa kwake, Mtaa wa Mchikichi, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Wazazi wangu walikuwa Tanga, kazi ya baba haitulii mahali pamoja, wakaona bora nikae Dar nisome. Nilishushwa pale na mfuko mmoja wa nguo na dodoki langu la kuogea. Mama alinisugua kwa dodoki lile asubuhi ya safari mpaka ngozi ikaniwasha, akasema hataki nifike kwa watu kama sina mwenyewe. Majirani wakimuuliza Shangazi, "Bi Mwajabu, kumbe una mtoto?" yeye hujibu, "Huyu ana kwao, Tanga." Alikuwa anawapa wazazi wangu heshima yao. Mimi nilisikia kwamba pale si kwetu, na sikumwambia mtu.

Kazi yake ilikuwa shaba. Alinunua na kuuza masinia, mabirika, vinu vya kutwangia hiliki, taa, vyetezo. Barazani kwetu kulikuwa kunang'aa, na wapita njia walipunguza mwendo kutazama. Kilichopasuka kisichotengenezeka alikiuza kwa kilo kwa watu wa kuyeyusha. Siku moja, kabla mimi sijaja, akaletewa bastola ya gumegume ndani ya gunia la shaba chakavu, iuzwe kwa uzito wa kifuniko cha shaba cha kitako chake. Akaiweka kwenye mizani, akaitoa. Akaiweka tena, akaitoa. Mwishowe akamlipa mtu pesa za gunia zima na ile akaiingiza ndani. Tangu hapo watu wakajua, na wenye bastola za babu zao wakawa wanamfuata. Mtaani wakamwita Mama Mizinga. Hakujali. Alisema wanaume wakikusanya njiwa hakuna anayewapa jina.

Nilipofika mimi alikuwa nazo sita, na nyingi zaidi alizozikataa. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda kumtazama akizikagua, na hakuna mchezo wa redioni ulionishika namna ile. Kwanza tundu la moto: ya kweli iliyopigwa sana tundu lake limeliwa, limepanuka upande mmoja, maana moto una mazoea yake. Kisha misumari ya skrubu, kama mifereji yake imekwanguliwa na mafundi wa zamani au ni mipya ya dukani. Kisha mbao, pale mkono unaposhika, kama pamekuwa peusi na laini au pamepakwa rangi tu. Mwisho anaweka mdomo wa mtutu puani, anafumba macho. Akishamaliza yote hayo, hata kama imempendeza vipi, anamgeukia mwenyewe: "Haya. Ina kwao?"

Maana yake, ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, ikafikaje hapa. Bila hayo hainunui. "Ya kwanza kabisa nilikuwa mjinga, sikuuliza," aliniambia, "na nimeihangaikia hiyo mpaka nikapata kwao. Chuma kisicho na kwao ni chuma tu, Zena. Kilo ni kilo."

Sasa Shangazi alisoma Kurani vizuri sana lakini herufi za shule hazikumkaa. Kuandika hakuandika. Alichofanya, nimezunguka nchi hii na sijakisikia kwa mwingine. Akikubaliana na mwenye bastola, huenda dukani akanunua doti moja ya kanga. Anaichana katikati zikawa kanga mbili. Moja anaiacha katika ile nyumba, na kuwaambia waitunze. Ya pili anaifungia bastola, na haifungiwi kitu kingine tena. Kwa hiyo kila bastola katika sanduku lake la bati ilikuwa imevaa kanga, na pacha wa kanga ile alikuwa Gerezani, au Ilala, au Upanga, kwenye nyumba iliyotoka. Ndiyo ilikuwa hati yake. Mtu akibisha, twende kwenye ile nyumba tukalinganishe.

Ila mimi haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kwamba ndani ya sanduku chini ya kitanda kuna sita walioletwa kutoka makwao, kila mmoja na kanga yake, kama nilivyoletwa mimi. Nilikuwa nawasalimia. Kuna mdogo kuliko wote aliyevaa kanga ya zambarau, huyo ndiye niliyempenda. Na kilichoniuma ni kwamba kila ikikaribia Idi, Shangazi anasugua shaba yote ya nyumba kwa ukwaju na majivu, mpaka vijiko, lakini wale sita hawagusi. Wanabaki weusi. Niliona wanaonewa, na nikafikiri labda ndivyo wanavyofanyiwa wale ambao hapo si kwao.

Mwaka ule redio ikatangaza: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari kabla mwezi haujaisha, hataulizwa kitu. Shangazi akasema yeye hana silaha, ana shaba. Mama Rehema, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwanamke wa Kilwa mwenye huruma na mdomo, akamwambia, "Bi Mwajabu, mtaa mzima unakuita Mizinga, halafu unasema huna silaha?" Basi akavaa baibui akaenda kituoni mwenyewe. Alipewa maelezo kwa adabu: hata ya babu wa babu ni bunduki, na zikikusanywa zote zitayeyushwa. Ila kama kuna zenye historia inayothibitika, mtu wa makumbusho atakuja, akiridhika atazichukua yeye zihifadhiwe. Asiporidhika zinaenda motoni na nyingine.

Huyo mtu alikuwa Bwana Komba, mtu wa Songea, mpole, anayetembea na penseli juu ya sikio kama seremala. Alikunywa chai barazani, akasikiliza habari ya kanga, na nikaona anavyopendezwa. Lakini akasema maneno ya mtu mmoja hayatoshi, hata yawe matamu. "Mama, usizifungue. Jumatatu baada ya Idi tutazipeleka kwao, nyumba kwa nyumba, zifunguliwe mbele ya wenyewe. Wakizitambua, zimepona." Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya vitumbua. Nililobeba pale ni moja tu: tutazipeleka kwao.

Wanakwenda kwao. Baada ya Idi. Wakiwa wachafu vile.

Mkesha wa Idi, alasiri, Shangazi alikuwa sokoni Shimoni kununua viungo na kupanga foleni ya nazi. Nikavuta sanduku. Nikachukua beseni, ukwaju uliobaki, majivu ya jikoni, na dodoki langu. Nilizisugua zote sita. Mpaka leo nikishika ukwaju vidole vyangu vinanukia shaba, hata kama hakuna shaba. Ule weusi ulitoka mgumu, ukiteremka kwa michirizi, na chini yake pakatokea njano inayomeremeta, na maua, na kwenye moja vinyota vidogo vidogo ambavyo nadhani hakuna aliyeviona kwa miaka mingi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kanga nikazifua kwa sabuni ya mche, jua la Dar likazikausha hata sijamaliza kuzipangusa. Kisha nikawavisha. Na kwa kuwa Idi mtu havai nguo ya jana, kila mmoja nikampa kanga mpya kwake: mdogo wangu nikampa nyekundu, mrefu nikampa zambarau, hivyo hivyo mpaka wakaisha. Nikafunga, nikarudisha sanduku, nikaenda kupakwa hina.

Jumatatu Shangazi akaniambia nizitoe niziweke kwenye kikapu, nami nikazifunika vizuri kwa mkeka mdogo. Akanichukua tufuatane. Nyumba ya kwanza ilikuwa Gerezani, kwa Bi Tausi, mjane aliyekuwa akiuza bajia mlangoni. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Bi Tausi akaingia ndani akatoka na kanga nyekundu iliyochakaa, aliyokuwa akifungia msahafu wa marehemu mumewe. Shangazi akatoa kifurushi chekundu kwenye kikapu. Nilimwona anasita alipokigusa. Akakileta puani, kikanukia sabuni. Lakini Bwana Komba alishatoa daftari na Bi Tausi alishanyoosha mikono.

Kanga mbili zikawekwa mkekani, pindo kwa pindo, zikalandana. Bwana Komba akatabasamu. Kifurushi kikafunguliwa, na bastola ikatoka inang'aa kama ya dukani. Bi Tausi akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akamtazama Shangazi kwa huruma.

"Mwajabu, ndugu yangu, nisikufiche. Hii si ya kwetu."

Nakumbuka sauti ya mafuta ya bajia pale mlangoni. Bwana Komba akafunga daftari taratibu, na kule kufunga taratibu kuliniogopesha kuliko angelitupa. Shangazi alikuwa ameishika ile bastola anainusa. Halafu akanitazama. Alishajua. Angeweza kunitaja pale pale, na bastola zake sita, na jina lake, vyote vilikuwa vinateketea mbele ya macho yake, lakini hakunitaja. Alisema tu, "Bwana Komba, nisamehe, kuna jambo limeharibika nyumbani kwangu."

Nikasema mimi. Nilisema huku nalia na kamasi, kwamba nimewaogesha kwa sababu wanakwenda kwao, na nimewabadilisha nguo za Idi, na wale ni wachafu tangu nimekuja na hakuna anayewajali. Watu wazima watatu wakanisikiliza. Bwana Komba akasema kwa upole kabisa, "Basi, mama, ushahidi ndiyo umekwisha," akatoa penseli kwenye sikio akaitia mfukoni.

"Umekwisha vipi?" Bi Tausi akauliza. Alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyesahauliwa katika nyumba yake mwenyewe. "Mimi si nipo hapa? Ya kwetu naijua. Kitako chake mchwa walikila upande wa kushoto, baba mkwe akakiziba kwa bati la kopo. Misumari minne, mmoja ulikatika kichwa. Mume wangu alikuwa akinichania nao kidole kila akinionyesha."

Bwana Komba akasimama vile vile, mkono mfukoni. Akaniambia, "Fungua zingine." Nikafungua moja moja. Ilikuwa ya nne, ndani ya kanga ya kijani. Bati upande wa kushoto, misumari mitatu na kisiki. Bi Tausi akapitisha kidole pale akacheka akalia kwa wakati mmoja.

Penseli ikarudi. Bwana Komba aliandika muda mrefu, kisha akasema kitu ambacho nimekitumia maishani mara nyingi kuliko sala nyingine ninazozijua. Alisema, "Mama huyu angetaka kukusaidia tu, angesema ndiyo ile ya kwanza. Amesema hapana. Sasa namwamini." Akaagiza zote sita zitolewe kanga. Kila nyumba tutakayokwenda, wenyewe wataeleza yao kwanza, kabla hawajaona hata moja, ndipo wachague.

Na ndivyo tulivyofanya siku nzima. Upanga, bibi wa Kihindi aliyekuwa akifunikia cherehani kwa pacha wa kanga yake, alieleza vile vinyota kabla sijamaliza kuvua viatu, akasema aliviona mara moja tu utotoni na kila mtu nyumbani alimbishia. Ilala, ndugu wawili waligombana kama mtutu ulipindika kulia au kushoto, na wote walikuwa na haki kwa namna walivyokuwa wanaushika. Magomeni. Buguruni. Tano zikapata wenyewe, na kila ilipopata, mimi nilipumua.

Njiani Shangazi hakunipiga, na hakunisema mpaka tunakaribia nyumbani. Ndipo akaniambia, "Ule weusi uliouona si uchafu, Zena. Ni mikono ya watu. Umeiosha, haitarudi." Bwana Komba alishamwambia kwamba mnunuzi wa kweli asingetoa hata nusu ya thamani sasa. Nililia tena. Akanipa ncha ya kanga yake nipangusie pua, akaendelea kutembea.

Ya sita ilikuwa ile ndogo yangu. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu, na tulipofika palikuwa na shimo la msingi wa ghorofa na mafundi wanachota maji. Familia imetawanyika, huyu Mbagala, yule hajulikani. Tulitafuta wiki mbili. Mwezi ulipobakiza siku moja, Mama Rehema akamwambia Shangazi barazani, "Mimi nitasema ni ya babu yangu wa Kilwa. Nimeshaiona hapa miaka mingi, naijua ilivyo. Nani atabisha?" Nilikuwa namwomba Shangazi kimoyomoyo akubali. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Lakini nikiingiza mmoja wa uongo, wale watano nao watakuwa waongo." Asubuhi akaivisha kanga yake ya zambarau, ile ile ya haki, akaipeleka kituoni. Walipomuuliza ilikotoka alisema palikuwepo, sasa hapapo. Nilichukia siku ile, na nilimchukia na yeye kidogo, nikiri.

Miezi ikapita tukaitwa makumbusho, Shangazi, mimi, na wenye nyumba tano. Bi Tausi alikuja na bajia kwenye kopo. Bastola zilikuwa kwenye kabati la kioo, kila moja na kanga zake mbili zimekunjwa pembeni, na karatasi yenye maandishi. Shangazi akanisogeza mbele nimsomee. Nikasoma jina la kila nyumba na ukoo, aliyeipata kwanza, aliyerithi, mpaka ilivyofika kwa Mwajabu wa Mchikichi. Wale kina mama waliitikia kila jina kama kwenye dua. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Bwana Komba, hamjaandika mbona zinang'aa."

Akajibu kwamba hiyo ni aibu ndogo, hakuna haja.

"Haja ipo. Mtu akizikuta zimemeremeta hivi atadhani mpya. Atasema tumedanganya, na hii mikono yote iliyotajwa hapa atadhani ya uongo. Andika zilisuguliwa kwa ukwaju na majivu, mkesha wa Idi. Na mtoto."

Nilitamani sakafu inimeze. Bwana Komba akachukua penseli kwenye sikio, akainama kwenye karatasi. "Mtoto yupi?"

"Zena."

"Zena wa nani?"

Nikasubiri jina la baba, kama lilivyoandikwa shuleni. Nikasubiri Tanga.

"Zena wangu," akasema Shangazi. "Andika hivyo, Zena wa Mwajabu."

Akaandika. Shangazi akaniambia nimsomee mstari huo, nikamsomea, akaniambia nirudie.